Wikiendi Uluguru ukitokea Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisafiri kwa barabara kwenda Dodoma, Iringa au Mbeya, milima hii umeiona. Iko kushoto kwako, na mji wa Morogoro umeiegemea. Wengi wetu wa Dar tunaijua kwa dirisha la basi tu. Mimi nilipita chini yake miaka tisa nikienda Iringa kuwasalimia wakwe kabla sijashuka kituo cha mabasi cha Msamvu, Morogoro, hata mara moja. Tangu nishuke, majirani na wenzangu wa kazini wananiuliza maswali yaleyale, mengi kwa simu ya Alhamisi usiku wakati mtu anataka kuondoka kesho yake. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu.

## Ya mwanzo

1. Uluguru ni wapi hasa? Ni mlima au milima?

Ni milima. Safu yake inaanzia mgongoni mwa mji wa Morogoro na kuelekea kusini. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Kilele kirefu kuliko vyote ni Kimhandu, kusini kabisa, chenye zaidi ya mita 2,600. Mtu aliyesimama mjini hakioni. Anachokiona ni Lupanga, mita 2,138, na Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano.

Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye ukubwa wa hekta 24,000 na ushei, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Chini ya msitu ni mashamba na vijiji vya Waluguru. Kumbuka mpaka huo, kwa sababu taratibu za msituni si za kijijini (swali la 10).

2. Kwa nini Uluguru, na si Lushoto au Kilimanjaro?

Kwa mtu mwenye siku mbili, jibu la kwanza ni muda. Lushoto ni pazuri mno, lakini safari yake inakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Kilimanjaro si ya wikiendi. Morogoro iko kilomita 190 hivi kutoka Dar, na kwa treni ya umeme hujamaliza hata kulala usingizi.

Jibu la pili ndilo linalonigusa zaidi. Mto Ruvu unazaliwa humu. Vijito vinavyochirizika kwenye misitu ya Uluguru vinaungana, vinateremka hadi Pwani, vinafika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kutoka hapo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar inapatikana. Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Tulipanga madumu barazani, tukailaumu mamlaka ya maji, tukalilaumu jua, na wachache sana kati yetu walikuwa wamewahi kuweka mguu pale maji yanapoanzia. Ukisimama pembeni ya kijito cha juu, maji ya baridi yakipita kwenye vidole vyako, unaelewa kwamba msitu huu ndio tangi letu. Mimi tangu siku ile sifungui bomba la Tabata kwa mazoea.

3. Siku mbili zinatosha?

Zinatosha kwa upande mmoja tu wa milima. Kosa la kawaida ni kutaka pande zote tatu. Pande zenyewe ni hizi:

Upande wa mjini, yaani Morningside (swali la 11), Bondwa, Lupanga, maporomoko ya Choma na vijiji vya karibu. Unalala mjini au kijijini na unapanda kwa miguu. Huu ndio wa wikiendi ya kwanza.

Upande wa magharibi, Mgeta. Unapita Sangasanga, Mlali, kisha unapanda hadi Langali, Nyandira na Tchenzema. Ndiko kwenye baridi, mboga, kilimo cha ngazi na njia ya Lukwangule (swali la 13).

Upande wa mashariki, Kinole na Matombo. Ni chini zaidi, kuna joto na unyevu, na ndiko kwenye ndizi, nanasi na viungo. Mvua yake ni habari nyingine kabisa: miteremko ya mashariki inapokea zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mvua ya Dar.

## Msimu

4. Kiangazi au kipupwe: niende lini?

Inategemea unatafuta nini, maana ni milima miwili tofauti.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ninayoipenda. Njia ni kavu upande wa mjini na Mgeta, miguu haitelezi, na alfajiri anga huwa safi kiasi cha kuiona nyika ya kaskazini yote kutoka Morningside. Ila kusi linapovuma huleta ukungu. Saa nne asubuhi wingu linaweza kuwa limekaa juu ya kilele na lisitoke hadi jioni. Kwa hiyo wakati wa kipupwe unapanda mapema mno, au unakubali kutembea ndani ya wingu. Hilo la pili nalo lina utamu wake: msitu unadondosha matone bila mvua kunyesha, na sauti ya ndege inasikika karibu kuliko ndege mwenyewe.

Kiangazi cha Januari na Februari ni wakati wa kukimbia joto. Dar inakuwa na digrii 32 na jasho lisilokauka, na mji wa Morogoro ni mkali zaidi mchana. Lakini kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi, na ukifika kwenye mita 1,500 unaanza kuulizia sweta. Huu pia ni wakati wa matunda ya baridi Mgeta, plamu na pichi. Tatizo lake ni radi za alasiri. Asubuhi ya Januari isikudanganye. Panga uwe umeteremka kabla ya saa nane mchana.

Septemba nayo isisahaulike. Kavu, joto la wastani, wageni wachache. Mikutano ya shule na harusi za Dar huifanya iwe ngumu kuondoka, lakini ukiweza, nenda.

5. Na masika je?

Machi hadi Mei, usiende Mgeta kwa gari dogo, na usipande Lupanga. Udongo wa Uluguru ukilowa ni kama sabuni, na barabara za mlimani huporomoka. Niliwahi kung'ang'ania Aprili moja kwa sababu nilikuwa nimeshalipia chumba. Gari lilizama juu ya Mlali, tukasukumwa na vijana waliokuwa wanarudi shamba, tukageuza. Chumba sikukiona.

Kama huna likizo nyingine, kaa upande wa mjini: Rock Garden (bustani ya mawe na maji chini ya mlima), soko, na kutembea vijiji vya chini kati ya mvua na mvua. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni nyepesi zaidi, na mara nyingi safari inawezekana ukiangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla.

6. Baridi ni kali kiasi gani? Nibebe nini?

Mtu wa Dar huichukulia baridi kama hadithi mpaka imkute. Nyandira, usiku wa Julai, joto linaweza kukaribia digrii 10, na nyumba nyingi hazina cha kupasha moto zaidi ya jiko la mkaa jikoni. Beba sweta zito, soksi za kulalia, kofia ya sufu, na blanketi jepesi hata kama umeahidiwa blanketi. Mitumba ya Karume ina makoti mazuri kwa bei ndogo. Nunua hapo kabla hujaondoka.

Msimu wowote beba koti la mvua, viatu vyenye meno chini (raba za mazoezi zenye soli laini zitakuangusha), tochi, na chupa ya maji ya kujaza tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo kavu zifunge kwenye kitu kingine kisichopitisha maji.

## Kufika

7. Treni, basi au gari binafsi?

Treni ya SGR, ile ya umeme, kama unaenda upande wa mjini. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na imeibadilisha kabisa hesabu ya wikiendi. Chini ya saa mbili uko Morogoro. Ukiishi Gongo la Mboto au Kitunda, usiende Stesheni mjini, panda Pugu. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili jioni huisha mapema, kwa hiyo kata ya kwenda na ya kurudi siku moja. Beba kitambulisho, na fika mapema, kwani kuna ukaguzi wa mizigo na geti hufungwa kabla treni haijaondoka. Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje kidogo ya mji. Hapo nje kuna bajaji, bodaboda na daladala.

Basi linatoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kushusha Msamvu. Ni mwendo wa saa nne hivi, foleni ikiruhusu. Faida yake ni kwamba yapo muda wote, hata ukiamka umechelewa.

Gari binafsi lina maana kama mko wanne au watano, au mnakwenda Mgeta au Kinole. Kibaha hadi Chalinze malori ni mengi na tochi za trafiki ziko kila mahali. Endesha taratibu, mlima hauhami.

8. IST yangu itafika?

Rock Garden na mjini, ndiyo. Kinole wakati wa kavu, kwa uangalifu. Nyandira wakati wa kavu watu hufika na magari madogo, lakini kona ni kali, barabara ni nyembamba na upande mmoja ni bonde. Kama hujazoea kuendesha mlimani, liache gari mjini mahali penye mlinzi, panda magari ya abiria ya Mgeta. Madereva wake wanaijua kila kona. Wakati wa mvua, rudi swali la 5.

Morningside kuna njia ya gari, lakini sikushauri. Imechimbika, na anayepanda kwa gari anakosa jambo lenyewe.

9. Niondoke Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri?

Ijumaa jioni, kila inapowezekana. Anayelala Morogoro Ijumaa anaanza kupanda Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla ya jua na kabla ya wingu. Anayetoka Dar Jumamosi alfajiri anaanza saa nne, akiwa amechoka, juu ya mteremko usio na kivuli.

## Kupanda

10. Ni lazima kulipia na kuwa na mwongozaji?

Ukiingia ndani ya hifadhi, ndiyo: kuna kiingilio cha TFS, kinacholipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si fedha mkononi. Anzia ofisi ya hifadhi mjini Morogoro, upate kibali na uunganishwe na mwongozaji. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, basi beba kitambulisho cha taifa. Ukitembea kijijini na mashambani bila kuingia msituni, kiingilio cha hifadhi hakikuhusu, lakini adabu inakuhusu (swali la 17).

Mwongozaji mchukue hata pale usipolazimishwa. Vijia vya mashambani vinagawanyika kila baada ya nyumba mbili, na ukungu ukishuka, njia uliyopandia huitambui tena. Kukubaliana bei kabla ya kuanza si uchoyo. Kumpunja mtu baada ya kushuka ndiyo aibu. Mlishe mchana pia.

11. Sijawahi kupanda mlima. Nianzie wapi?

Morningside. Ni jengo la kale la wakati wa Wajerumani, kwenye mita 1,300 hivi, na kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa miguu. Mji uko kwenye mita 500, kwa hiyo unapanda mita 800. Si kidogo, lakini njia ni pana na unapita nyumba za watu, vitalu vya mboga, migomba, na akina mama wanaoteremka na vikapu vya mboga kichwani kwa kasi ambayo wewe huwezi hata ukiwa mikono mitupu. Salimia. Kila mtu husalimia.

Ukifika juu kaa. Usipige picha mbili na kugeuza. Mji wote uko chini yako, na ng'ambo yake nyika inayoelekea Dodoma. Watu wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari", na ukiwa pale juu unaona kwamba hawajitapi bure.

Ukiwa bado na nguvu na kibali, mwongozaji anaweza kukuendeleza hadi Bondwa. Njia inaingia msituni na baridi inabadilika ghafla. Minara ya juu ina walinzi. Uliza kabla ya kupiga picha.

12. Lupanga ni ngumu kiasi gani?

Ngumu. Watu huidharau kwa sababu inaonekana mjini kama iko nyuma ya nyumba. Unapanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, na nusu ya juu ni mizizi, miamba na matope, mahali pengine unashika kwa mikono. Tenga siku nzima: saa nne au tano kupanda, saa tatu kushuka, na magoti yako ndiyo yatakayolipa wakati wa kushuka. Mara nyingi kilele kimo ndani ya wingu na hutaona chochote.

Hata hivyo nimeipanda mara tatu. Msitu wa karibu na kileleni una miti mifupi iliyojikunja, imevishwa kuvu na ndevu za kijani toka shina hadi tawi, na kimya chake hakifanani na kimya cha mahali pengine ninapopajua. Ukiweza Morningside bila kuumwa miguu siku ya pili, jaribu.

13. Lukwangule ni nini, na inaingia kwenye wikiendi?

Ni uwanda wa nyasi juu kabisa ya milima, zaidi ya mita 2,400, katikati ya misitu. Unapandia Mgeta, upande wa Tchenzema. Ijumaa ulale mjini, Jumamosi mapema uende Nyandira na kulala huko, Jumapili alfajiri upande na kushuka. Hapo Jumapili jioni hutaiwahi treni. Kwa hiyo omba Jumatatu kazini, au subiri sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Kuifanya kwa haraka ni kuipoteza.

14. Nitaona wanyama?

Simba na tembo, hapana. Hao wako Mikumi. Utaona mbega na kima ukiwa na subira, na usiku utamsikia perere, mnyama mdogo wa mitini, akilia kwa sauti ya kutisha kuliko umbo lake. Utajiri wa Uluguru ni vitu vidogo. Kuna ndege wa jamii ya mbwigu, mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, ambaye duniani kote anaishi katika milima hii peke yake. Kuna aina ya chozi, ndege mdogo anayefyonza maji ya maua, naye ni wa hapa tu. Kwenye miamba yenye kivuli huota yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu huyapanda kwenye vyungu madirishani mwao. Asili yake ni misitu ya huku kwetu Afrika Mashariki, na Uluguru yamo. Usiyang'oe.

Angalia pia siafu njiani. Ukiwaona, ruka, usisimame kuwashangaa.

## Kulala na kula

15. Tunalala wapi?

Mjini kuna nyumba za wageni na hoteli za kila bei, kuanzia Msamvu hadi chini ya mlima. Chagua za upande wa mlimani, Boma au Kilakala, ili asubuhi usipoteze muda. Mjini mbu wapo, hakikisha chandarua.

Mgeta nyumba za wageni ni chache na za kawaida: kitanda, ndoo ya maji ya moto ukiomba, choo cha nje. Piga simu kabla, kupitia mwongozaji. Ukitaka hema ndani ya hifadhi, omba pamoja na kibali.

Wiki ya Nane Nane, mwanzoni mwa Agosti, maonesho ya kanda hufanyika Morogoro na vyumba vya mjini huisha. Wiki hiyo nenda Mgeta moja kwa moja, au ahirisha.

16. Tutakula nini, na turudi na nini?

Mlimani: ugali au ndizi za kupika, maharage, mboga za majani zilizochumwa saa ileile, viazi mviringo. Kabeji ya Mgeta iliyochumwa asubuhi si ile inayofika Dar imelala kwenye lori. Toa taarifa mapema kama mnataka kupikiwa, kwa sababu hakuna anayekaa na chakula cha wageni ambao hakujua wanakuja. Ulizia pia maziwa ya mbuzi: miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine kilisaidia kuleta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, na wafugaji wa Mgeta wanao hadi leo.

Kwa kurudi nayo: karoti, njegere na matunda ya baridi kutoka Mgeta, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kutoka Matombo na Kinole. Nunua kwa mkulima mwenyewe ukiweza, na usishindane bei mpaka mtu anaona haya. Kama hukufika huko, Soko la Chifu Kingalu pale mjini lina karibu kila kitu.

## Wenyeji

17. Kuna desturi za kuzingatia?

Salamu kwanza, shida baadaye. Mzee apewe shikamoo yake hata kama yuko mbali shambani na wewe unahema. Nguo za heshima kijijini. Usipite katikati ya shamba kufupisha njia: lile tuta ulilolikanyaga ndilo linalozuia udongo usiteremke. Usipige picha ya mtu aliyebeba mzigo bila kumwomba.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo, na mwanamke ana sauti kubwa juu yake. Ukitaka kupiga hema au kupumzika kwenye shamba la mtu, usidhani mwanamume aliye karibu ndiye wa kumwomba. Kinole ndiko yaliko makao ya Chifu Kingalu, cheo kinachorithiwa vizazi na vizazi, ambacho zamani kiliheshimika hasa kwa kuomba mvua. Kuna misitu na miamba ya tambiko; mwongozaji akisema hapa tusiingie, usiulize mara mbili.

18. Ni kweli wenyeji ndio wanaoumaliza msitu?

Swali hili huulizwa na watu wa Dar ambao jikoni kwao kuna gunia la mkaa, basi nalijibu kwa kirefu kidogo. Kilimo kimepanda juu, moto wa kuandaa mashamba hutoroka, na miti hukatwa. Ni kweli. Lakini mkulima wa robo ekari kwenye mteremko halimi pale kwa kupenda. Na huko nyuma "uhifadhi" ulimjia kwa fimbo: miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, kazi ngumu iliyowatoa mashambani na mahali pengi ikaharibu udongo wenyewe. Mwaka 1955 Matombo walikataa, kukatokea ghasia, na mpango ukafa.

Leo, shilingi unayoiacha kwa mwongozaji, kwa mama aliyekupikia na kwa mkulima wa njegere inampa mtu sababu ya kuutaka msitu ubaki. Sisi ndio tunaokunywa maji yake. Ndiyo maana nawasihi watu wasibebe kila kitu kutoka supamaketi ya Dar. Nusu ya kapu ijazeni huko.

## Mambo ya pembeni

19. Watoto na wazee wanaweza?

Mtoto wa miaka minane aliyezoea kutembea anafika Morningside, mkienda polepole na kupumzika. Wadogo zaidi, wapelekeni Rock Garden wakacheze kwenye maji kati ya mawe. Bibi na babu wasiachwe nyumbani: Kinole au Nyandira wanafika kwa gari wakati wa kavu, wanakaa barazani, wanaongea na wazee wenzao, na kwa kawaida wao ndio wanaorudi na habari nyingi kuliko sisi tuliopanda. Mwenye pumu, presha au ujauzito azungumze na daktari wake kabla, na Lupanga aiache.

20. Mvua ikinikuta juu?

Teremka, usikimbie. Epuka mabonde ya vijito, kwa sababu maji hujaa ghafla hata kama kwako kunanyesha kidogo. Radi ikipiga, toka kileleni na kwenye nyasi wazi, usisimame chini ya mti uliojitenga. Mwongozaji akisema tugeuze, mnageuza, hata kama kilele mnakiona.

21. Mtandao na pesa vipi?

Mjini kila kitu kipo. Vilele vya upande wa mji vina mtandao mahali pengi. Mabondeni na msituni hukatika. Mgeta mawakala wa pesa za simu wapo lakini salio lao huisha siku ya soko. Beba noti ndogondogo. Mpe mtu wa Dar ratiba yako na namba ya mwongozaji kabla hujaanza kupanda.

22. Naweza kurusha droni?

Si bila vibali. Droni nchini zinahitaji idhini ya mamlaka, na ndani ya hifadhi unahitaji pia ruhusa ya TFS. Kwa wikiendi moja haina faida, iache nyumbani.

23. Nimekosa treni ya Jumapili jioni. Nifanyeje?

Usikae Kihonda kulalamika. Chukua bodaboda hadi Msamvu. Mabasi yanayotoka mikoa ya juu kwenda Dar hupita hapo hadi usiku, na mara nyingi hayakosi kiti kimoja kilichoachwa na aliyeshuka Morogoro. Mko watano na mizigo ya kabeji? Gawaneni kwenye mabasi tofauti, mkutane Mbezi. Kama ni baada ya saa nne usiku, lala, panda treni ya kwanza ya Jumatatu, na mtumie bosi ujumbe usiku huohuo kabla hajakutafuta asubuhi.